Vifuko vya nano katika tiba ya saratani

Vifuko vya nano (huitwa pia vesikeli za nano) ni vifuko vidogo mno vyenye utando wa mafuta ambavyo hutumika kubeba dawa ndani ya mwili. Aina inayojulikana zaidi ni liposomu. Katika tiba ya saratani, vifuko hivi hutumika hasa kwa dawa zenye nguvu kubwa ambazo zikiachwa huru kwenye damu hudhuru pia viungo vizima. Nyingi kati ya dawa hizo zina asili ya mimea, kama vile vinkristini, irinotekani na paklitaseli.

Lengo la kutumia vifuko vya nano ni kubadilisha safari ya dawa mwilini: muda wa kukaa katika damu, viungo inakofika na kasi ya kutoka ndani ya kifuko. Kifuko chenyewe hakiui seli za saratani. Kazi hiyo hufanywa na dawa iliyomo ndani yake.

Ukubwa na muundo

Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Vifuko vingi vinavyotumika katika tiba vina kipenyo cha nanomita 50 hadi 200. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo vifuko 70 vya nanomita 100 vikipangwa mstari mmoja vinalingana na upana wa chembe moja tu.

Utando wa liposomu hutengenezwa kwa fosfolipidi, yaani mafuta ya aina ileile inayojenga utando wa seli za viumbe hai. Kila molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwekwa ndani ya maji, molekuli hizo hujipanga zenyewe katika tabaka mbili: vichwa huelekea kwenye maji, mikia hujificha katikati. Tabaka hizo hujikunja na kufunga kifuko chenye maji ndani yake.

Kutokana na muundo huo, kifuko kimoja kina sehemu mbili za kuhifadhi dawa. Dawa inayoyeyuka katika maji hukaa katika uwazi wa ndani; ile inayoyeyuka katika mafuta hukaa ndani ya utando wenyewe. Mara nyingi kolesteroli huongezwa ili utando uwe imara na usivujishe dawa mapema.

Mbali na liposomu kuna niosomu, ambazo utando wake hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya sabuni zisizo na chaji ya umeme, na pia vifuko vinavyotolewa katika seli za mimea au wanyama.

Historia

Liposomu zilielezwa katika miaka ya 1960 na mwanasayansi Mwingereza Alec Bangham pamoja na wenzake katika taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge. Walikuwa wakichunguza fosfolipidi kwa hadubini ya elektroni, si kutafuta dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gregory Gregoriadis na wengine walianza kupendekeza kwamba vifuko hivyo vingeweza kubeba dawa.

Ilichukua miaka mingi kabla wazo hilo halijafika hospitalini. Liposomu za kwanza zilikamatwa haraka na seli za ini na wengu, ambazo kazi yake ni kuondoa vitu vigeni katika damu. Tatizo hilo lilipungua watafiti walipofunika uso wa kifuko kwa nyuzi za kemikali inayoitwa polietileni glikoli. Nyuzi hizo huvuta maji na kuzuia protini za damu zisishike kwenye kifuko, hivyo kifuko hukaa muda mrefu zaidi bila kutambuliwa.

Mwaka 1995 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha Doxil, ambayo ni doksorubisini ndani ya liposomu, kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa na sarkoma ya Kaposi. Doksorubisini hutokana na bakteria, si mmea, lakini mafanikio yake yalifungua njia kwa dawa za mimea.

Kwa nini dawa za mimea zinahitaji kubebwa

Mimea haiwezi kukimbia adui, hivyo mingi hujilinda kwa sumu. Baadhi ya sumu hizo huzuia seli zisigawanyike, na kwa sababu seli za saratani hugawanyika bila kikomo, sumu hizo zimekuwa dawa. Hata hivyo zina matatizo matatu makubwa.

Kwanza, baadhi haziyeyuki katika maji. Paklitaseli ni mfano mzuri. Ilitambuliwa na Monroe Wall na Mansukh Wani nchini Marekani, waliotangaza muundo wake mwaka 1971 baada ya kuitoa katika magome ya mti Taxus brevifolia. Ili iweze kuingizwa kwenye mshipa, iliyeyushwa katika kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo na alkoholi. Kimiminika hicho chenyewe huweza kuleta mzio mkali, ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa za kuzuia mzio kabla ya kuanza dripu.

Pili, baadhi huvunjika haraka. Kamptothesini, ambayo Wall na Wani waliitangaza mwaka 1966 baada ya kuitoa katika mti wa Kichina Camptotheca acuminata, ina pete ya kemikali inayofunguka katika damu. Ikifunguka, nguvu ya dawa hupotea. Irinotekani, iliyotengenezwa Japani kutokana na kamptothesini, huyeyuka vizuri zaidi katika maji lakini bado ina pete hiyohiyo.

Tatu, sumu haichagui. Vinkristini huharibu neva, na mgonjwa huweza kupata ganzi vidoleni, maumivu, udhaifu wa misuli na kufunga choo. Irinotekani husababisha kuhara sana na kupunguza chembe nyeupe za damu. Madaktari hulazimika kupunguza kipimo kabla saratani haijashindwa.

Mfano kutoka Afrika ya Mashariki unaonyesha uzito wa tatizo hili. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza maitansini, kampaundi yenye nguvu kubwa mno waliyoipata katika mmea wa jenasi Maytenus kutoka Ethiopia. Ili kupata kiasi cha kutosha kwa majaribio, mmea wa jamii hiyo, Maytenus buchananii, ulikusanywa kwa tani katika vilima vya Shimba, kwenye pwani ya Kenya. Dawa ilijaribiwa kwa binadamu ikaachwa: madhara yake yalizidi faida. Miaka mingi baadaye molekuli ya jamii yake ilifungwa kwenye kingamwili inayotambua seli za aina fulani ya saratani ya matiti, na dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Hapo kibebeo kilikuwa kingamwili, si kifuko, lakini somo ni lilelile: sumu iliyoshindwa ikiwa huru ilifaa ilipopata njia ya kubebwa.

Jinsi vifuko vinavyotengenezwa

Njia ya kawaida ya maabara huanza kwa kuyeyusha mafuta katika kimiminika kinachovukiza haraka. Kimiminika kikishavukizwa, hubaki utando mwembamba kwenye kuta za chupa. Maji yakiongezwa, utando huvimba na kutengana katika vifuko vya ukubwa mbalimbali. Kisha mchanganyiko husukumwa kwa nguvu kupitia chujio lenye matundu ya ukubwa unaotakiwa, mara kadhaa, hadi vifuko vilingane.

Kuingiza dawa ndani ni kazi nyingine. Vinkristini na irinotekani huingizwa baada ya kifuko kutengenezwa, kwa kutumia tofauti ya kemikali kati ya ndani na nje. Dawa isiyo na chaji hupenya utando kwa urahisi. Ikifika ndani, ambako kuna asidi au chumvi maalumu, hupata chaji na haiwezi kupenya tena kurudi nje. Ni kama samaki aliyeingia kwenye dema: mlango wa kuingilia upo, wa kutokea haupatikani. Kwa njia hii karibu dawa yote inaweza kukusanywa ndani ya vifuko.

Jinsi vinavyofanya kazi mwilini

Uvimbe wa saratani hukua haraka na kujijengea mishipa ya damu ovyo. Kuta za mishipa hiyo mara nyingi zina nafasi kubwa kuliko zile za mishipa ya kawaida. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kwamba molekuli kubwa huvuja kupitia nafasi hizo na kubaki ndani ya uvimbe, kwa kuwa uvimbe hauna mfumo mzuri wa limfu wa kuziondoa. Kifuko cha nanomita 100 hakipenyi kwa urahisi kuta za mishipa mingi mizima, lakini kinaweza kupenya hapo.

Kifuko kikishaingia kwenye uvimbe, dawa hutoka polepole. Hili lina maana kubwa kwa dawa za mimea zinazoshika seli wakati wa kugawanyika tu. Vinkristini hushika protini inayoitwa tubulini na kuzuia nyuzi zinazotenganisha kromosomu. Irinotekani hubadilishwa mwilini kuwa kampaundi yenye nguvu zaidi inayozuia kimeng'enya topoisomerasi ya kwanza, na DNA hukatika. Dawa ikipita kwa saa chache tu, seli ambazo hazikuwa zikigawanyika wakati huo huponyoka. Ikikaa kwa siku kadhaa, seli nyingi zaidi hukutwa.

Maelezo haya yanafaa zaidi kwa panya wa maabara kuliko kwa binadamu. Uvimbe wa binadamu hutofautiana: mmoja una mishipa inayovuja, mwingine hauna, hata katika mgonjwa mmoja hali hubadilika kutoka uvimbe hadi uvimbe. Mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti za miaka 10, nyingi zikiwa za wanyama, ulionyesha kwamba kwa wastani asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizoingizwa mwilini zilifika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa ya zilizobaki huishia kwenye ini na wengu.

Dawa zilizofika hospitalini

Vinkristini ya liposomu

Vinkristini hutoka katika Catharanthus roseus, mmea wenye asili ya Madagaska ambao hupandwa katika bustani nyingi za nchi za joto kwa ajili ya maua yake ya rangi ya waridi au meupe. Mmea una kiasi kidogo sana cha dawa. Mamia ya kilogramu ya majani makavu huhitajika kupata gramu chache au pungufu. Vinkristini ya kawaida iliidhinishwa Marekani mwaka 1963 na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutumika hasa kwa saratani za damu za watoto na kwa limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda.

Vinkristini ndani ya liposomu, iliyouzwa kwa jina Marqibo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu wazima wenye aina fulani ya lukemia kali ya limfoblasti iliyorudi mara mbili au zaidi. Kwa kawaida kipimo cha vinkristini hakizidishwi miligramu 2 kwa mara moja, kwa hofu ya kuharibu neva. Ndani ya liposomu iliwezekana kutoa miligramu 2.25 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, bila ukomo huo. Idhini ilikuwa ya haraka na yenye masharti, ikitegemea jaribio la wagonjwa 65 lisilo na kundi la kulinganisha. Kampuni ilitakiwa kuthibitisha faida kwa jaribio kubwa zaidi. Jaribio hilo halikukamilishwa, na mwaka 2022 idhini iliondolewa.

Irinotekani ya liposomu

Irinotekani ya liposomu, iitwayo Onivyde, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya kongosho iliyosambaa na kuendelea kukua baada ya matibabu ya jemsitabini. Katika jaribio la wagonjwa 417, waliopewa dawa hiyo pamoja na florourasili na lukovorini waliishi kwa kipindi cha wastani cha miezi 6.1, wakati waliopewa florourasili na lukovorini pekee waliishi miezi 4.2. Irinotekani ya liposomu ikitolewa peke yake haikuonyesha faida ya uhakika.

Mwaka 2024 iliidhinishwa kuwa sehemu ya matibabu ya kwanza ya saratani hiyo, pamoja na dawa nyingine tatu. Kipindi cha wastani cha kuishi kilikuwa miezi 11.1, kikilinganishwa na miezi 9.2 kwa waliopewa jemsitabini na paklitaseli iliyofungwa kwenye protini ya albumini. Faida ni halisi lakini ni ya wiki chache, na kwa ugonjwa mkali kama huu wiki hizo huwa na maana kwa mgonjwa na jamaa zake.

Paklitaseli

Paklitaseli ya liposomu imetumika nchini China tangu mwaka 2003 kwa jina Lipusu. Katika nchi nyingi nyingine hutumika zaidi paklitaseli iliyofungwa kwenye albumini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Hiyo ni chembe ya nano lakini si kifuko, kwa sababu haina utando wala uwazi wa ndani. Zote mbili ziliondoa haja ya kimiminika cha mafuta ya nyonyo.

Utafiti unaoendelea

Kurkumini, kampaundi inayoyapa manjano rangi yake, imefanyiwa tafiti nyingi. Katika maabara huathiri seli za saratani kwa njia mbalimbali. Ikimezwa, kiasi kidogo sana huingia kwenye damu, na kinachoingia huvunjwa haraka. Watafiti wameiweka katika liposomu na niosomu ili kuondoa kikwazo hicho, lakini hakuna dawa ya saratani ya kurkumini iliyoidhinishwa na mamlaka kubwa za dawa. Sababu mojawapo ni kwamba kurkumini haiko imara na huingilia vipimo vya maabara, hata ionekane kufanya kazi mahali ambapo haifanyi.

Njia nyingine ni kutumia vifuko vinavyotolewa katika mimea yenyewe. Seli za tangawizi, balungi na mimea mingine zina vifuko vya nano ambavyo hutenganishwa na maji ya tunda au shina kwa mashine inayozungusha kwa kasi kubwa. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mafuta ya vifuko vya balungi yanaweza kutengenezwa upya kuwa vibebeo vya dawa katika panya. Njia hii inaweza kupunguza gharama, lakini vifuko vya mimea havilingani kutoka mavuno hadi mavuno, na dawa inayoingizwa kwenye mshipa lazima iwe na ukubwa, usafi na kipimo kisichobadilika.

Mipaka na tahadhari

Vifuko vya nano hupunguza baadhi ya madhara lakini haviondoi yote, na huweza kuleta mengine. Wagonjwa wengine hupata mzio dripu inapoanza. Doxil huweza kusababisha vidonda na kuchubuka kwa viganja na nyayo, kwa sababu vifuko hukaa muda mrefu katika damu na kuvuja kwenye ngozi. Onivyde bado husababisha kuhara na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Vinkristini ya liposomu bado ilidhuru neva.

Dawa ya liposomu na ile ya kawaida yenye jina lilelile si kitu kimoja. Vipimo vyake hutofautiana, na kuzibadilishana kimakosa kunaweza kuua. Vinkristini ya aina yoyote ikiingizwa kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa huwa hatari kwa maisha.

Gharama nayo ni kikwazo. Liposomu ni ngumu kutengeneza, huhitaji vipimo vingi vya ubora, na kwa kawaida hutunzwa katika baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8 bila kuganda. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Afrika wagonjwa hutegemea zaidi dawa za kawaida. Dawa hizo hazijapitwa na wakati: vinkristini ya kawaida bado ni nguzo ya matibabu ya watoto wenye saratani ya damu.

Mmea na dawa

Kwa kuwa dawa hizi zina asili ya mimea, huzuka dhana kwamba kunywa chai ya majani au kula kiungo fulani kunatosha. Dhana hiyo si sahihi. Catharanthus roseus ina alkaloidi nyingi zenye sumu, na mtu anayechemsha majani yake hawezi kujua amekunywa kiasi gani cha ipi.

Baadhi ya mimea huvuruga matibabu. Balungi huzuia vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingi mwilini, na hivyo huweza kuongeza kiwango cha dawa katika damu. Mmea Hypericum perforatum, unaotumiwa na watu wengi kwa huzuni, hufanya kinyume chake: hupunguza nguvu ya irinotekani. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayetumia dawa za saratani anashauriwa kumweleza daktari au mfamasia kila dawa ya mitishamba anayotumia, hata kama inaonekana kuwa chakula cha kawaida.